Rekta na Maharagwe ya Kanyaruchinya

Nilikuwa msaidizi wake darasani kabla hajawa kiongozi wa chuo kikuu chetu hapa Goma, na nilibaki naye alipopanda cheo. Sote tulimwita Muzee Rekta. Alitoka upande wa Butembo, mtoto wa wakulima, mtu wa misa ya alfajiri, mkali na mwenye haraka. Alikuwa amesomea kilimo Ulaya, akarudi na wazo moja tu: kwamba Kivu inalala njaa juu ya udongo mzuri kwa sababu watu tunalima kwa mazoea, bila kupima wala kulinganisha.

Amri yake ya kwanza ilizua zogo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata wa sheria, alipaswa kwenda shambani Jumamosi asubuhi. Baba mmoja, mfanyabiashara, akafika ofisini amevaa koti.

"Papa Rekta, mimi niliuza ngombe juu mutoto atoke ku jembe. Sasa weye unamurudisha?"

"Papa, jembe haina makosa. Makosa ni kulima bila kujua."

Yule baba aliondoka bila kuaga. Sikuona kama amejibiwa vizuri. Mtu aliyeuza ng'ombe alistahili zaidi ya maneno matamu.

Shamba lenyewe lilikuwa Kanyaruchinya, kwenye udongo mweusi kati ya mawe ya volkeno. Tulipanda maharagwe yale yanayopanda juu ya miti ya kusimikwa, tukitafuta aina ambayo mizizi yake haiozi mvua ikizidi. Msimu baada ya msimu tulichagua na kutupa. Kisha vita vikashuka kutoka Rutshuru. Barabara ikajaa watu, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, na haikuchukua muda mahema ya plastiki yakafika ukingoni mwa shamba letu.

Asubuhi moja mlinzi akapiga simu: akina mama wameingia, wanachuma majani ya maharagwe kwa mboga na kung'oa miti kwa kuni. Mkuu wa kitivo akataka tuite askari. Muzee Rekta hakumsikiliza. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Jana tulipiga dawa," akaniambia. "Ni mimi nilisema bapige. Twende."

Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alishuka garini na viatu vyake vya ofisi, akakimbia juu ya mawe akipaza sauti: "Musikule! Iko dawa ya wadudu ku majani!"

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Rutshuru akasimama mbele ya chungu chake.

"Kila fasi tunafika, banatuambia sumu," akasema. "Munataka tu kutufukuza."

"Mama, sitakufukuza. Nusa."

Akachuma jani, akampa. Mama akalinusa, akageuka na kumwaga chungu chote chini. Wenzake wakafanya vilevile. Lakini mtoto mdogo wa yule mama alikuwa amekwisha kula, na akaanza kutapika. Rekta alimbeba mwenyewe hadi garini, koti lake likichafuka, tukawapeleka kituo cha afya.

Tulikaa kwenye benchi hadi jioni. Muuguzi alipotoka kutuambia kwamba mtoto anaomba uji, yule mzee mkali akafunika uso kwa mikono akalia. Mama akamshika bega.

"Basi, papa. Amepona."

Kesho yake Rekta alirudi shambani, akawaonyesha akina mama sehemu ambazo hazikupigwa dawa, akawaambia wachume. Aliomba kitu kimoja tu: mistari iliyokuwa imestahimili mvua waiache ikauke, ipatikane mbegu. Wakaiacha. Tena waliilinda wao wenyewe, na mtu akisogea na panga walimzomea.

Baraza la chuo halikufurahi. Mali ya chuo imegawiwa bila ruhusa, walisema, na utafiti umepotea. Hawakukosea kabisa, kwa maana kazi ya miaka ilikuwa imebaki konzi chache za mbegu. Muda si mrefu akaondolewa. Siku ya kukabidhi ofisi alisoma hotuba fupi, akapeana mikono na kila mtu, akarudi kufundisha. Najua ilimuuma, kwa sababu kwa muda mrefu hakupita mbele ya jengo la utawala. Alizunguka nyuma, kwenye matope.

Njia ilipotulia kidogo, yule mama akarudi kwao na sehemu ya zile mbegu, amezifunga ndani ya kitenge. Baadaye alituma ujumbe twende tukaone. Tulikuta aina moja imepanda hadi kwenye ncha za miti, imejaa maganda, na aina nyingine imenyauka. Mama akaleta kiti. Mzee hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile iliyonyauka, akapiga magoti, akaanza kuchimbua mizizi kwa vidole.

"Muzee, kuya kwanza ukule," mama akamwita.

"Nakuya, mama. Ilianza kukauka mbele ya mvua ao nyuma?"

Mama akacheka, akachuchumaa kando yake, akaanza kumweleza.