Mzungu kasema "spitting image", ukweni wakasikia mate

Wakuu, heshima mbele. Haya yametokea kwetu, nayaandika kama yalivyo.

Dada yangu Neema kaolewa Malolo. Alipojifungua tu, mama mkwe wake akaanza maneno ya chini chini: mtoto hafanani na ukoo wetu.

Mumewe, Amosi, kimya. Mtu mzima na ndevu zake, kimya!

Siku ya ubatizo, kaka yake Amosi aitwaye Festo akaja na mgeni, mama mmoja wa Kizungu aliyefahamiana naye hotelini Mikumi, Festo anakofanya kazi.

Festo na Kiingereza, wakuu! Hata jogoo akimkatia njia anasema "excuse me".

Yule mama akambeba mtoto, akamtazama Amosi, akacheka: "He's the spitting image of his father!"

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

Festo akakohoa kidogo. "Anasema mtoto akiona picha ya baba yake, anaitemea mate."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Neema.

Mama mkwe akapiga kofi moja. "Si nilisema! Hata mgeni kaona!"

Neema akaanza kulia. Nikamvaa Festo, hiyo siyo maana yake. Akanijibu kwa dharau kwamba spit anazijua zote: kuna mate, kuna chuma cha kubanikia mbuzi mzima, kuna hata ulimi wa mchanga ulioingia baharini.

"Sasa wewe hapa unaona mbuzi au bahari?"

Nikaachana naye, nikamuuliza mgeni mwenyewe. Maskini, akashtuka. Akaeleza ni msemo wa zamani kwao: mtoto kafanana na baba yake mpaka utadhani baba kamtema kutoka mdomoni mwake. Nikatafsiri kwa sauti, wote wasikie.

Mama mkwe akamtazama mtoto upya. "Kumbe! Huyu ni Amosi mtupu!"

Vigelegele. Wakuu, vigelegele!

Neema akafuta machozi. "Mama, samahani. Mimi nimelisema hilo tangu nijifungue. Tena kwa Kiswahili."

Akachukua mtoto wake, tukarudi naye nyumbani Kilosa.

Amosi alipomfuata, aliambiwa arudi kwanza akamwambie mama yake: huyu ni mwanangu. Akaenda, akasema. Ndipo mama mkwe alipokuja mwenyewe kuomba radhi, na Neema akakubali kurudi.

Nilichojifunza: mkeo akisingiziwa, mtetee siku hiyo hiyo. Ukisubiri Mzungu aje akutambulishie mtoto wako, hapo tatizo si lugha.

Wenye ndoa, nyie mngerudi? Uwanja wenu, ila Festo akija humu, mjibuni kwa Kiswahili.