Mashine Iliyonyamaza Mno

Mwaka 2012 nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu pale Kakuma, pamoja na hofu isiyoniacha kwamba kila nilichokigusa kitaharibika mbele ya watu. Ufundi sikuusomea popote. Wazazi wangu walihamia Lodwar kutoka Kitale kwa sababu ya kazi ya baba serikalini, nami nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuogopa kuvifunga tena.

Kibanda kilichopakana na changu kilikuwa cha fundi cherehani, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwanamke mrefu sana. Alikuwa na pumu. Kliniki walimwonya akae mbali na vumbi, lakini mtu wa Kakuma atakaa mbali na vumbi wapi? Nyumbani kwake, alikokatia nguo, vumbi la vitambaa liliongezeka juu ya lile la upepo. Fagio la huku ni fupi. Kila asubuhi alijikunja kufagia sakafu yake ya saruji, akainuka ameshika ukuta, akitafuta pumzi.

Nikamwahidi mashine ya kufyonza vumbi. Mota niliitoa kwenye blenda mbovu, mwili ukawa debe la mafuta ya kupikia. Mpini niliupima kwenye kiwiko chake akiwa amesimama wima, nikauzungushia mpira wa ndara ili kiganja kisichoke. Mfuko wa vumbi aliushona mwenyewe, wa kitambaa cha marekani, akaurudia mshono mara mbili.

Siku ya kwanza kuiwasha, pale kibandani, ilipiga yowe hadi mbuzi wakatawanyika. Yeye alicheka mpaka akakohoa.

"Ya weledi, mwanangu, umeniletea kinu cha posho!"

"Bado, mama. Nitaituliza."

"Inavuta vumbi?"

"Inavuta."

"Basi nipe."

Sikumpa. Niliwahi kuona mashine kama hiyo, ya dukani, katika ofisi moja ya Lodwar. Ilikuwa na sauti ya chini, ya heshima. Yangu ilipolia niliona kama inatangaza kwamba mimi ni mtu wa kubahatisha. Nikakata sponji ya godoro nikaifunika mota, nikaiwekea sanduku la mbao, nikapunguza mwendo wake. Alikuwa akichungulia na kuuliza, "Leo?" Nami nasema bado. Kikohozi chake nilikisikia kupitia bati lililotutenganisha. Kilinitia wasiwasi, na nikiwa na wasiwasi mimi hupiga msasa. Kwa hiyo nilipiga msasa.

Mapema 2013 nikaridhika. Kelele ilikuwa imebaki mngurumo mdogo, mzito, kama kitu kilicho mbali. Nikaipeleka nyumbani kwake, nikaiunga kwenye umeme wa jenereta ya mtaa, nikaiwasha, nikasubiri kusifiwa.

Aliinua macho kwenye paa. Kisha akamkamata mkono wifi yake, aliyeishi naye, wakaingia wote wawili chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Nilizima. Wifi ndiye aliyetoka kwanza, akipangusa magoti, bila kunitazama.

"Ndege ya mabomu inalia hivyo," alisema. "Ikilia kwa nguvu, imeshapita. Hii ya chini ndiyo inazunguka, bado inatafuta watu."

"Mama, samahani," nikasema kuelekea mezani.

Sauti ikatoka chini yake, haina pumzi. "Ile kinu. Nirudishie ile kinu."

Nilivunja sanduku, nikang'oa sponji yote, nikaiachia mota mwendo wake. Kesho yake alisimama wima katikati ya yowe lile akisukuma mpini, uso umetulia kabisa. Mimi niliziba masikio.

Lakini kifua chake kilikuwa kimemeza vumbi la miezi yangu yote ya msasa. Kabla ya mvua walimpakia kwenye gari kwenda hospitali ya Lodwar, na barabara ile ilikuwa ni vumbi mwanzo hadi mwisho. Hakurudi.

Baada ya maziko wifi aliniletea mashine kibandani. Mfuko ulikuwa umejaa, mzito kama wa unga. Nilimwuliza kama ilitumika vizuri, swali la kijinga.

"Kila siku," alisema. "Majirani walilalamika, kelele, kelele. Yeye akawaambia anayetaka itulizwe aje kwako."

Hakuna aliyekuwa amekuja.