Maua Niliyoongeza Bila Kuuliza

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kama ya juzi, ingawa nywele zangu zilikuwa bado nyeusi na miaka ya sabini ndiyo kwanza imeanza. Nilikuwa nasomea uuguzi hapa Stockholm, nimepanga chumba Farsta kwa Bibi Mei, mjane wa Kichina. Kiswidi chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini tulielewana.

Jioni alinifundisha kuchora maua kwa brashi na wino mweusi, juu ya karatasi nyembamba inayofyonza kama pamba. Wino ukishagusa pale, haufutiki. Baada ya miezi mitatu akanisifu, nami kichwa kikavimba.

Ukutani kwake palikuwa na picha ya tawi la mti wa plamu, halina hata ua moja. Marehemu mumewe ndiye aliyelichora, mauti yakamkuta kabla hajaliwekea maua. Jumamosi moja, Bibi Mei alipokwenda madukani, nikaiteremsha picha ile nikaliongezea tawi maua matano. Nilidhani nitamfurahisha.

Aliporudi alisimama mlangoni na mifuko yake mkononi.

"Uliniuliza, binti?"

"Lakini Bibi, si yamependeza?"

Alikaa bila hata kuvua koti, akaupitisha mkono juu ya karatasi pasipo kuigusa. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Nami, badala ya kuomba radhi, nilinuna, eti hana shukrani. Mwezi huohuo nikahama.

Baadaye nilisikia amekwenda kukaa na binti yake katika kitongoji cha Vårby gård. Kila wiki nilisema nitakwenda Jumapili. Jumapili zikawa miaka. Siku nilipobisha hodi hatimaye, aliyefungua ni yule binti.

"Mama alifariki majira ya baridi," aliniambia. "Alikuwa akiuliza kama mwanafunzi wake alifaulu mitihani ya uuguzi."

Nililia pale ngazini, mtu mzima mimi, majirani wakipita.

Basi nisikilize. Usiguse cha mwenzio kabla hujamuuliza, hata kama nia yako ni njema. Na ukikosa, omba radhi siku hiyohiyo, kabla kiburi hakijakaa kitako. Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli, lakini aliyemwagiwa bado anastahili kuambiwa "nisamehe" angali hai. Mimi neno hilo nimezeeka nalo kinywani.

Mola akujalie ulimi mwepesi wa kuomba msamaha, mwanangu, na miguu isiyosubiri Jumapili. Amina.