Draiva ya Vitufe na Filamu ya Kuhara

Miaka ile Warundi walipokuwa wakimiminika, nilipata kibarua cha kutafsiri kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, karibu na Kibirizi, kando ya ziwa. Sifa yangu ilikuwa Kiha tu, maana Muha na Mrundi wakitukanana hawahitaji mkalimani.

Bosi wetu, mtu wa Dar es Salaam, alikuwa na laptop aliyoipenda kuliko sisi. Kila kundi lilipowasili aliwaonyesha filamu ya kipindupindu: mwanamume anakunywa maji machafu, tumbo linaunguruma, anakimbilia chooni. Sauti za chooni zilirekodiwa kwa moyo wote.

Asubuhi moja laptop ilikuwa imejisasisha yenyewe. Vile vitufe vya juu vyenye picha ya spika na ya jua, unavyobonyeza pamoja na Fn, vikawa vimekufa. Hatukujua. Bosi aliianzisha filamu, sauti ikiwa ya juu kabisa na spika kubwa imeunganishwa, wakati msikiti wa jirani unaadhini.

"Punguza," nikamwambia.

"Ninapunguza." Alibonyeza Fn na kitufe cha sauti. Tumbo likaunguruma hadi ziwani. Kipanya hatukuwa nacho, panya wa kweli walishaukata waya wake. Sehemu ya kugusa kwa kidole alikuwa ameifunga kwa kitufe hichohicho cha Fn, na sasa haikufunguka. Akafunga kifuniko. Filamu ikaendelea gizani, mwanamume akiwa chooni bado.

Mzee mmoja akatoka msikitini na kanzu yake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Huyo mgonjwa wenu hana daktari?"

Nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta ikazima. Kisha mama mmoja Mrundi, aliyeshuka kwenye boti bila kusema neno na mtu yeyote, akasema kwa Kirundi, "Mimi nimekimbia risasi. Huyu anakimbia nini?" Benchi zima likaangua kicheko, na mzee naye, nilipomtafsiria.

Alasiri tuliipeleka laptop mjini, tukaazima kipanya dukani. Bosi alijaribu kuirudisha draiva ya zamani, ile programu inayoendesha vitufe, lakini kompyuta ilikuwa imeshaifuta. Akapakua nyingine kwenye tovuti ya watengenezaji bila kusoma namba ya modeli iliyoandikwa chini ya tumbo la laptop. Akaiweka. Sasa kitufe cha jua kikawa kinapandisha sauti, na cha sauti kinazima intaneti.

"Afadhali hii," akasema. "Angalau vinafanya kazi."

Nikaigeuza laptop, nikamsomea namba, herufi moja moja kama mwalimu wa chekechea. Akaiondoa ile draiva ya uongo, akaizima laptop na kuiwasha, akaweka iliyo sahihi, akaizima na kuiwasha tena. Vitufe vikarudi kwenye akili zao. Akapiga marufuku kompyuta kujisasisha bila ruhusa yake, kwa sauti aliyotumia kutugombeza sisi.

Kundi lililofuata liliona filamu kwa sauti ya kistaarabu. Nusu wakalala, wengine wakatazama boti ziwani. Bosi akavumilia kidogo, kisha akaniinamia.

"Hebu pandisha," akaninong'oneza, "akifika chooni."