Sare ya Darasa la Tatu

Mtaani kwetu tulimwita Fundi Jicho, kwa sababu hakumpima mteja kwa futi. Alikutazama mara moja tu ukiwa mlangoni, akakata kitambaa, na gauni likakukaa kama umezaliwa nalo. Chumba changu kilipakana na chake.

Alikuwa na binti mmoja. Katika shule ya serikali ya hapa kwetu watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na mwalimu alipita darasani akiruka vidole vya waliokaa sakafuni. Ng'ambo ya mji, alikoishi dada yake mkubwa, kulikuwa na shule nzuri, nayo ya serikali, ila ilipokea watoto wanaokaa jirani tu. Basi Fundi akampeleka binti kwa dada, aandikishwe kama mtoto wa pale.

Kabla binti hajaondoka, Fundi alimfundisha mwenyewe, nami nikisikia kupitia ukutani.

"Mimi ni nani?"

"Mama."

"Hapana! Mama ni yule wa ng'ambo. Mimi mama mdogo. Rudia."

Mtoto alilia, akarudia. Nikamwambia Fundi, "Jirani, hili si pindo, ukikosea ufumue."

Akacheka. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Nikarudi chumbani kwangu. Watoto wangu walikuwa wanakaa sakafuni.

Mwanzoni binti alikuja kila Jumamosi. Yakaja masomo ya ziada, wakaja marafiki, mwishowe ikawa likizo hadi likizo, na nyingine akaziruka. Alipokaribia kuingia darasa la tatu, Fundi alimshonea sare mpya kwa jicho lake lile lile, akaining'iniza ukutani kumsubiri.

Binti alikuja, nami nikaingia kumwona, akaivaa. Mabega yakabana, mikono ikaishia katikati ya kiwiko na kiganja. Fundi akawa anamzunguka, anavuta hapa, anavuta pale, kana kwamba kosa ni la kitambaa.

Tulikuwa watatu tu chumbani, hapakuwa na mwalimu wa kudanganywa. Binti alimwona Fundi yuko karibu kulia, akamshika mkono kwa upole.

"Usijali, mama mdogo. Mama atanipeleka kwa fundi."

Fundi alivuta droo ya cherehani, akapekua chini ya vifungo na nyuzi, akatoa futi. Akampima mwanawe mabega, kama mteja aliyeingia siku hiyo.