Namba Kubwa Ubaoni

Juzi nilimwona mwanamke wa kubadilisha pesa akifuta ubao wake kwa kiganja, na harufu ya chaki ikanirudisha Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, mchana ule baba alipokuwa akiuza kitanda chetu.

Sisi wenye asili ya Kasai tulikuwa tumeambiwa na wenyeji turudi huko, hata tuliozaliwa Kolwezi. Mwenye lori alitaka dola tu. Baba aliniacha mbele ya ubao kama huo, akasema, "Ukiona banafuta namba, kimbia uniite."

Ubao ulifutwa mara tatu. Kila mara ile namba, idadi ya zaire, pesa zetu za wakati ule, za kununulia dola moja, iliongezeka. Mimi nilijua namba za shuleni, ambako kubwa ndiyo nzuri. Nikakaa natafuna karanga, nikitaka kumshangaza baba kwa habari njema.

"Papa, imepanda sana!" nilimwambia alipofika na mfuko wa noti zilizonuka samaki.

Hakunipiga. Alisoma ubao, akaketi juu ya ule mfuko kama mtu anayeketi juu ya gunia la makaa.

Kwenye lori alimwambia mama, "Dola inatosha batu bane tu."

Tulikuwa watano. Kambo, nyanya yangu mzaa baba, alishuka mwenyewe, akanifunga kitambaa chake kichwani.

"Mi nitakuya na lori ingine," akasema.

Hatukumwona tena. Nami siku ile nilimpungia mkono nikicheka, bado najivunia ile namba.