Tairi Lenye Pengo

Malaba nilikuwa bibi ya dereva, basi. Jina langu lilibaki kwetu Taita, na huku hakuna aliyeuliza kama ninalo. Mume wangu aliendesha gari la wachanjaji wa ng'ombe, lile gari fupi la serikali ambalo magurudumu yote manne huvuta na tairi la akiba hukaa juu ya boneti. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na ndoa yetu pia, alipohamishiwa mpakani. Tulipewa chumba kimoja kando ya barabara ya udongo, na ua mpana kuliko chumba chenyewe.

Majirani walikuwa Wateso, watu wema, lakini wema bila lugha huchosha. "Yoga," wananiamkia, nami naitika "yoga," halafu tunatazamana, maneno yamekwisha. Mume wangu naye alikuwa safarini siku nyingi kuliko alizolala nyumbani. Leo Funyula, kesho Sio Port, keshokutwa kwenye majosho ambayo hata majina yake sikuyashika. Nilikuwa mpweke, tena mpweke mwenye hasira. Niliwachukia ng'ombe wote wa wilaya ile.

Kitu kimoja tu tulikifanya pamoja, nacho ni matairi. Hakuwa na utingo, kwa hiyo utingo nilikuwa mimi. Kila baada ya safari kadhaa, Jumapili tukitoka kanisani, alilipiga gari jeki pale uani, nami nikazifunga nati kwenye pindo la kanga zisipotee. Matairi yalikuwa matano na yote yalihama. La boneti lilishuka nyuma kulia, la nyuma likaenda mbele, la mbele likavuka kwenda nyuma kushoto, hilo nalo likasogea mbele, na lililokuwa mbele kushoto likapanda boneti kupumzika. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini asiyaache tu yachakae yenyewe. Akanionyesha jirani aliyekuwa akilima kwa ng'ombe.

"Ukifunga dume kubwa na ndama kwenye jembe moja, itakuwaje?"

"Watavutana."

"Basi. Haya nayo yamefungwa nira moja. Moja likiwa nene na mengine yamelika, yatavutana humo ndani mpaka gia ife. Lazima yazeeke pamoja."

Aliyasema hayo akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. Nilitamani angeyasema akinitazama mimi.

Moja kati ya yale matano lilikuwa na pengo. Jiwe la kwenye kivuko cha mto lilikuwa limenyofoa kipande cha ukingoni, kadiri ya ncha ya kidole gumba. Kila gurudumu lilipozunguka, pale penye pengo paliacha kijidonge cha udongo kilichoinuka katikati ya alama. Nikazoea kukitafuta. Nikienda sokoni nilijua kama amepita na ameelekea wapi. Pengo lilipokuwa kushoto nilitembea kushoto mwa barabara, likihamia kulia nami nikahama. Lakini ikifika zamu ya tairi lile kulala juu ya boneti, barabara ilininyamazia kabisa, na hizo ndizo wiki nilizochoka kuliko zote.

Hata kufagia kwangu kulikuwa na kasoro. Kwa wanawake wa pale ua hufagiwa kila alfajiri mpaka ukadhani chakula kitapakuliwa palepale chini. Mimi nilifagia wote, nikaacha mistari miwili ya gari mpaka mwenyewe arudi kuikanyaga. Jirani yangu mmoja, mama mcheshi aliyejua Kiswahili cha sokoni, hakuniacha.

"Wewe bibi ya dereva, unafagia nusu nusu! Kwenu hakuna ufagio?"

"Uko, mama. Umechoka."

Msimu wa pamba ulipofika, mume wangu aliondoka kwenda Sio Port, akaniambia atarudi mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukapita, na mwingine ukapita. Kisha asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, nikaliona pengo barabarani, mbele ya mlango wetu. Lilikuwa limetoka upande wa Busia, likaenda moja kwa moja mpakani. Halikukata kona kuingia kwetu. Niliinama nikaligusa, udongo bado mbichi. Kesho yake likarudi, likapita tena. Alama za kwato za ng'ombe zilikuwepo kati ya mistari, lakini ni lini barabara ya Malaba ilikosa kwato?

Niliyajua wanayoyasema watu kuhusu madereva wa mpakani. Nyumba huku, nyumba ng'ambo. Mwanamume aliyepita mlangoni kwangu mara mbili bila hata kupiga honi hakuwa na la kunieleza. Nilikasirika kwanza, halafu chumba kikawa kikubwa ghafla, halafu nikalia. Asubuhi iliyofuata nilipanga nguo zangu sandukuni, nikashika ufagio, nikafagia ua wote, nikianza na mistari ile miwili. Kisha nikajitwika sanduku kwenda stesheni.

Lilikuwa zito. Sikufika mbali, nikalitua kando ya barabara nikalikalia nipumzike. Ukaja mkokoteni wa ng'ombe umejaa magunia ya pamba, mzee mmoja akiwaongoza madume wawili. Nilitazama magurudumu kwa mazoea tu, maana macho yangu hayakujua tena kutazama kitu kingine. Gurudumu la kushoto likazunguka, na pengo likapita mbele yangu, likazama udongoni, likapanda, likaja tena.

Nikaruka. "Mzee, simama! Hiyo tairi umetoa wapi?"

Akadhani namwita mwizi. "Mimi nimenunua, mama! Kwa fundi, pale Busia. Ilikuwa ya gari ya chanjo. Hiyo gari iko juu ya mawe, haina miguu."

"Na dereva?"

"Dereva ako hapo tu. Analala ndani ya gari, anangoja tairi mpya itoke Kisumu."

Nilishukuru, Mungu anajua. Lakini nilipokuwa narudi na sanduku langu, kitu kingine kilinishika. Siku zile zote, hata katika hasira yangu, niliamini kwamba alikuwa karibu, kwamba pale nilipoweka kidole alikuwa amepita yeye. Kumbe hakuna aliyepita. Nilikuwa nimeinamia alama za mkokoteni wa pamba.

Alirudi siku chache baadaye, jua likielekea kutua, na matairi matano mapya, meusi, meno yote kamili. Moja la yale ya zamani lilikuwa limempasukia njiani kutoka Sio Port, akafunga jipya la kuazima akidhani litamfikisha. Yakavutana kama alivyonihubiria mwenyewe, na gia ya magurudumu manne ikagoma kutoka. Ikabidi yang'olewe yote, na ya zamani fundi akayauza. Salamu za kuniletea alimpa dereva wa lori, naye akapitiliza nazo hadi Tororo, ng'ambo. Alinieleza yote hayo akiwa bado ameshika mlango wa gari, kisha akatazama chini.

"Umefagia," akasema.

"Nimefagia."

"Wote."

Miezi yote ile nilidhani hajui kwamba naiacha mistari yake.

Akaingia chumbani, akaliona sanduku, bado limefungwa kamba. Alitoka na kisu, akachuchumaa, akanyofoa kipande ukingoni mwa tairi la mbele kushoto, pengo kama lile la zamani. Kumbe na hilo alijua nalitafuta.

"Na hili likipanda boneti?" nikamwuliza.

Akalizunguka gari, akakata moja moja, mali ya serikali hiyo, na mwisho akapanda juu akalikata na lile la boneti. Nami nikaingia ndani nikafungua kamba.

Hakukaa. Ng'ombe wa Funyula walikuwa wanangoja, na asubuhi ya pili aliondoka kabla sijamaliza kuchemsha chai. Nikafagia ua wote, nikaiacha mistari miwili, safari hii kila mmoja na mapengo yake. Jirani akapita, akanicheka tena. Nilikaa mlangoni nikaitazama mistari mpaka mvua ya alasiri ilipokuja kuifuta.